Barua Iliyobandikwa kwa Ugali

Tarehe nane mwezi wa tatu mwaka huu alifariki Mama Sabina, mwanamke ambaye jina la mume wake ndilo lililoandikwa kwenye cheti changu cha darasa la saba. Hakuwa mama yangu. Habari ilinikuta Kibondo kwenye cherehani, nashona sare za shule. Leonia, binti yake, aliandika maneno mawili tu kwenye simu: "Mama ameondoka." Nilimaliza pindo la sketi iliyokuwa mkononi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa anaisubiri, kisha nikafunga mlango na kwenda kutafuta basi la Kasulu, na kutoka Kasulu gari la Muyama. Kwenye mkoba nilitia kitenge cha msiba, kandambili, na kile cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Njiani nilijiuliza mtu anakwenda na cheti cha shule msibani kufanya nini. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua kuna mtu ataniuliza mimi ni nani.

Basi lilipoingia Kasulu nilitazama upande wa mashine ya kusaga. Mashine ipo, imebadilishwa rangi. Nyumba iliyokuwa nyuma yake haipo tena, pameegeshwa malori. Kanisa liliijenga kwa ajili ya watu wasio na pa kukaa, na ilikuwa na jina lake rasmi kwenye kibao kilichokwisha kuchujuka, lakini mji mzima uliiita Kwa Sabina. Ilikuwa na chumba kimoja kirefu chenye vitanda sita vya mbao, kila kitanda mama na watoto wake, na kati ya kitanda na kitanda kitenge kimetundikwa kwenye kamba. Unga wa mashine uliingia kwa juu, pale bati lilipokosa kukutana na ukuta, na kufikia adhuhuri sote tulikuwa na mvi. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, Jumapili maharage yakatiwa mawese. Mama Sabina, msimamizi wake, alikaa mlangoni juu ya kigoda, na chini ya kigoda palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Humo zilikaa karatasi zetu zote: kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, barua za shule. Ukifika, kabla hujapewa blanketi, unatoa karatasi. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kitenge alichovaa. Hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa akikutazama mikono kwanza, uso baadaye.

Mama yangu na mimi tulifika hapo mwezi wa kwanza, nikiwa na miaka kumi na minne. Sitaeleza ya ukoo. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa amekufa na wadogo zake walitia kufuli kwenye mlango wetu Kibondo, sisi tukiwa shambani. Mama alichofanikiwa kudai ni kitu kimoja, barua yangu ya uhamisho, nikamalizie darasa la saba mahali pengine. Mwalimu mkuu wa Kibondo alimpa ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa, na muhuri umegongwa mdomoni mwa bahasha, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye mwili. Tulifundishwa kwamba barua ya serikali iliyofungwa haifunguliwi na mtoto wala na mzazi, ni ya mwalimu kwa mwalimu. Mama aliishika njia nzima ndani ya nguo kifuani, na tulipofika alimkabidhi Mama Sabina, kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka watoto wote wa nyumba ile shuleni.

Barua haikwenda. Wiki ya kwanza Mama Sabina alisema mwalimu mkuu hayupo. Wiki ya pili alisema inashughulikiwa. Wiki ya tatu alinitazama mikono akasema, "Maji yamejaa pipa?" Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kukaa darasani kwa kusikiliza tu, nyuma kabisa, chini, bila dawati. Mwalimu wa darasa akiita mahudhurio, jina langu halikuwemo. Wenzangu waliniita Msikilizaji. Nyumbani kulikuwa na bibi mmoja, Bi Skola, ambaye majirani zake walimchomea nyumba wakimwita mchawi, na naye alilidaka jina hilo. Nikirudi tu, anapaza sauti kutoka jikoni: "Msikilizaji! Leo umesikiliza nini?" Nikijibu, anasema, "Basi njoo usikilize na maharage haya, kama yameiva." Nilikuwa nacheka, lakini siku nilikuwa nazihesabu. Majina ya watahiniwa yalikuwa yanaandaliwa kwenda wilayani. Jina lisilokwenda, mtoto wake haketi kwenye mtihani, na mtoto wa kike wa miaka kumi na minne akikosa mwaka ule, hakuna wa kumwambia ngoja mwaka mwingine. Alikuwa anatafutiwa mume au kazi ya ndani.

Siku ya Ijumaa ndiyo iliyonifundisha nilipo. Shule ile ilikuwa na desturi ya kupanga wanafunzi kwa vitongoji kabla ya kuwaruhusu, ili kila kitongoji kijulikane watoro wake ni nani. Kiranja anataja kitongoji, mstari unaitika, unahesabiwa, unaondoka kwa wimbo. Sisi wa Kwa Sabina tulikuwa saba. Tulijipanga mwisho, karibu na vyoo, na kiranja alipotufikia hakutaja kitu, alinyoosha kidole tu. Watoto wakituona walisema kwa sauti ya kutosha tusikie: "Wakimbizi hao. Kambi yao iko kule." Kambi ya Mtabila ilikuwa imejaa Warundi wakati huo, na mji mzima ulikuwa ukimtafuta Mrundi katika kila mgeni. Maneno ya Kiha, lugha ya wenyeji, na ya Kirundi yanafanana kama ndugu, kwa hiyo watu hawakusikiliza unasema nini, walitazama umekaaje, umebeba nini, nani anakujua. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka Tanga na hakujua Kiha wala Kirundi. Yeye alimshuku kila mtu sawasawa. Nilimsikia akimwambia Mama Sabina mlangoni kwake: "Bibi, mimi nataka karatasi. Sura hazinisaidii, zenu zote ni moja."

Nami nikaanza kumshuku Mama Sabina. Naandika hivi ilivyokuwa. Walikuja wageni wa kanisa na kamera, akatupanga ukutani, na aliponifikia mimi alisema, "Huyu bado hajapata shule." Kesho yake yakaletwa mablanketi. Nikafikiri, kumbe mtoto asiyesoma ana faida. Mimi ndiye niliyekuwa najaza pipa, nachekecha unga, naosha masufuria ya watu ishirini. Nikafikiri, nikiingia shuleni kweli, nani atafanya haya? Halafu alasiri moja nilikuwa nyuma ya ukuta naanika muhogo, mama yangu na Mama Sabina wako upande wa pili wanamenya. Visu vilikuwa vinakwenda, kisha vikanyamaza.

"Akijua, atasema," alisema mama yangu.

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote atakayemuuliza. Mwanangu huyo hajui kuficha. Ukimuuliza, anajibu."

"Basi asijue," alisema Mama Sabina. "Akose mwaka, lakini asijue."

Visu vikaanza tena. Nilibaki na muhogo mkononi. Nilielewa neno moja tu, kwamba nitakosa mwaka, na kwamba mama yangu amekubali. Tangu siku hiyo nilikula nimempa mama mgongo. Akiniita "mwana wanje," yaani mwanangu, kama alivyozoea kuniita kwa lugha ya kwao, sikuitika mpaka aite mara ya pili. Nilidhani Mama Sabina amemroga, au amemwahidi kitanda cha kudumu mradi mimi nibaki kuwa mtumishi. Hata leo, nikiona mtu mzima ananyamaza ghafla ninapoingia, mwili wangu unarudi nyuma ya ukuta ule.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kulinda sufuria wengine wakiwa kanisani. Mama Sabina alikuwa amebadili nguo, amevaa gauni lake la Jumapili, na kitenge cha kila siku amekitupia kwenye kamba. Ufunguo ulikuwa pindoni. Sikufikiri sana. Nilifungua sanduku, nikapekua, nikaikuta bahasha yangu chini kabisa, chini ya kadi za watoto waliokwisha kuondoka. Nilipoigeuza niliona nusu mbili za muhuri hazikutani. Ya juu ilikuwa imesogea kidogo, na ukingoni palikuwa na kitu cheupe kilichokauka, kigumu kama ukoko. Nilikikwangua kwa ukucha, nikakiweka ulimini. Ulikuwa ugali wa muhogo. Bahasha ilifunguliwa kwa mvuke na kubandikwa tena kwa ugali.

Na bado sikuifungua. Watu niliowahi kuwasimulia, ambao si wengi, huniuliza hapo hapo: ulikuwa nayo mkononi, uko peke yako, kwa nini hukusoma? Kwa sababu ilikuwa ya mwalimu kwa mwalimu. Nilijiona mimi ndiye mwaminifu katika nyumba nzima, na mwenye makosa ni yule aliyefungua. Nilitia barua kwenye daftari, nikarudisha ufunguo pindoni, nikachochea kuni.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, nikampa bahasha kwa mikono miwili.

"Imetoka wapi?" aliuliza.

"Mama Sabina aliificha sandukuni, mwalimu. Aliifungua, akaibandika kwa ugali."

Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa jina lake, bila kuulizwa jina. Alitazama muhuri, akatoa karatasi, akasoma taratibu, akarudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia kwangu: "Mama yako mzazi alizaliwa wapi, binti?"

Nikasema, "Ng'ambo ya Malagarasi, mwalimu. Burundi."

Alinukuu jambo kwenye karatasi nyingine. Akaniambia nirudi darasani, na mama aje kesho. Nilitoka pale nimefurahi. Nilikwenda nyuma, nikakaa chini mahali pangu, nikimtazama mwalimu wa darasa na kusubiri siku jina langu litakapoitwa.

Nilipowaambia nyumbani, mama yangu aliketi kwenye kitanda, akaweka mikono magotini. Mama Sabina hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliniambia niketi, akanieleza kilichokuwemo, kwa sababu sasa hapakuwa na cha kuficha. Baba zangu wadogo walikuwa wamekwenda kwa mwalimu wa Kibondo, naye alikuwa ameandika chini ya alama zangu kwamba mama wa mtoto huyu ni mkimbizi asiye na kibali, na shule itakayompokea itoe taarifa. Siku zile Mrundi aliyekutwa nje ya kambi alichukuliwa, awe ameolewa na nani, awe amekaa miaka mingapi. Kwa wiki zote zile Mama Sabina alikuwa akienda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba barua nyingine, ya kuniandika kama mtoto wa nyumba yake, na mwenyekiti alikuwa akimjibu kwamba nyumba ya watu wasio na kwao haina wakazi.

"Kwa nini hukuichoma?" nilimuuliza.

"Ina alama zako," alisema. "Una alama nzuri."

Bi Skola, aliyekuwa anapepeta unga, alisema bila kuinua kichwa, "Haya, Msikilizaji. Leo umesikiliza."

Mama hakwenda shuleni kesho yake, wala hakusubiri kufuatwa. Siku ya Alhamisi asubuhi alikunja kitenge, akachukua sufuria ndogo na blanketi moja, akaenda Mtabila kujiandikisha mwenyewe. Alisema akienda kwa miguu yake, hakuna atakayekuja nyumbani kuuliza ameishi na nani. Nilitaka kwenda naye. Alikataa. Alisema kule nitaandikwa jina la kambi na nitasoma masomo ya kambi, na mtihani wa darasa la saba hautanikuta. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanisukuma kidogo, kama unavyomsukuma mtu aliyesimama mlangoni akizuia njia.

Ijumaa Mama Sabina alivaa gauni la Jumapili, akanishika mkono mpaka ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa na bahasha yetu mezani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, ingawa mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. "Nimekuja kumwandikisha binti yangu. Denisia. Baba yake ni Bukuru, wa Muyama, ni marehemu sasa."

"Na mama aliyetajwa humu?"

"Huyo yuko kambini. Amejipeleka mwenyewe jana."

Mwalimu mkuu aligeuza kalamu mara kadhaa. Halafu akanitazama mimi, siyo yeye. "Binti. Huyu ni mama yako?"

Alijua nani wa kumuuliza. Alikuwa ameshajifunza, kama mama yangu alivyojua, kwamba mimi ukiniuliza ninajibu. Mama Sabina hakunifinya, hakukohoa. Mkono wake uliokuwa umeshika wangu ulilegea tu, kama anayemwachia mtu aende anakotaka. Nikasikia mashine ya kusaga ikiunguruma mbali.

"Ndiyo, mwalimu," nilisema.

Alifungua rejista, akaandika. Akairudisha barua kwenye bahasha na kumsogezea Mama Sabina. "Chukua. Hii imeshafanya kazi yake." Sikuwahi kujua alimaanisha nini, kama alikwisha kutoa taarifa au la, na kama mama angesubiri angefuatwa au asingefuatwa. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote na sijapata upande wa kulalia. Alasiri ile walipopanga vitongoji, tulisimama tena karibu na vyoo, saba. Kiranja akanyoosha kidole. Lakini Jumatatu, kwenye mahudhurio, iliitwa Denisia Bukuru, na wa kwanza kugeuka kutafuta ni nani huyo nilikuwa mimi.

Nilifanya mtihani. Sikuchaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo asije mtu akadhani uongo ule ulininunulia makubwa. Ulininunulia cheti. Kwa cheti kile nilipokelewa kujifunza ushonaji, na kwa ushonaji nimekula mpaka leo. Mama nilimtembelea Mtabila na Mama Sabina akiwa mbele yangu, na kila mara tulipofika getini alijitambulisha yeye na mimi kama mama na binti waliokuja kumwona jirani. Mama yangu alicheza mchezo huo vizuri. Alituamkia kwa kupiga makofi ya salamu, akiwa ameinama, kama mtu anayepokea wageni wa heshima. Kambi ilipofungwa alirudishwa kwao, na huko alifia, nami nilipata habari wakati matanga yalikwisha kuanuliwa. Mama Sabina sikuwahi kumwomba msamaha kwa kulitaja jina lake pale mezani. Nilimshonea magauni. Kila mwaka gauni moja, na alipolipokea alitazama mishono kwanza.

Basi tulimzika Muyama, kwenye shamba la mumewe, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Mshereheshaji alipoita watoto wa marehemu waje kutia udongo, nilibaki nyuma na majirani. Leonia alinitazama, kisha akatazama chini. Baada ya chakula kaka yake mkubwa, Onesmo, aliniita ndani. Sanduku la bati lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa, na mkononi alikuwa na ile bahasha ya kaki.

"Dada, kaa," alisema. "Mimi nauliza tu. Wewe unatumia jina la baba yetu. Na hapa naona umeandikwa mtoto wa mkimbizi. Shamba hili tumeanza kuligawa. Sasa umekuja kama nani?"

"Kaka Onesmo, jamani," alisema Leonia. "Leo?"

"Leo ndiyo siku. Kesho atakuja na wakili."

Nilitoa cheti kwenye mfuko wa nailoni, nikakiweka kando ya sanduku, ili asije akasema nimekificha. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na ugali, pamoja na kutaja jina. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo nilijua atauliza, kwa sababu ndilo nililowahi kuulizwa.

"Kwa hiyo mama hakuwa mama yako?"

"Hapana," nilisema. "Hakuwa."

Nadhani alitegemea nibishe. Kisha akachana karatasi kwenye daftari la rambirambi na kunipa kalamu. Niliandika kwamba mimi si mtoto wa kuzaliwa wa marehemu na sidai sehemu yoyote ya shamba la Muyama. Chini nikatia jina.

Onesmo akasoma, akaweka kidole kwenye jina. "Hili ni letu."

"Sina jingine," nilisema. "Kwenye kadi ya kura, kwenye leseni ya biashara, kote ni hilo."

Alilitazama kwa muda, midomo ikisogea kana kwamba analisoma mara ya kwanza. Hakulifuta. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha ile ile, pamoja na barua ya Kibondo, akatafuta gundi nyumba nzima na hakuna aliyekuwa nayo. Leonia akaenda jikoni, akarudi na tonge la ugali uliobaki mchana. Alilipaka ukingoni kwa kidole gumba, akakunja kifuniko, akabonyeza mpaka kikashika, kisha akaiweka sandukuni, chini kabisa, akalifunga.